Nguzo ya Nne Nyumbani kwa Mama Rispa

Siku ya kuniaga kazini, baada ya chapati na hotuba, wenzangu wa ofisi ya ramani waliniomba niwaandikie niliyojifunza. Nadhani walitarajia ukurasa mmoja. Nimezidisha, kwa sababu nilipoketi kuandika niligundua kwamba somo kubwa kuliko yote nililipata katika nyumba moja, na nililipata nikiwa nimechelewa miaka thelathini na mitano. Habari za vyeo nitaziacha. Zimo kwenye faili, na faili hatujawahi kupungukiwa.

Nilifika ofisini Kakamega kwa mara ya kwanza nikiwa na suruali moja ya heshima na penseli tatu nilizozinoa nyumbani kwa kisu cha kumenyea viazi. Mchoraji mkuu, Mzee Sakwa, alizitazama, akazitia kwenye droo, akanipa penseli yake.

"Hizo umezinoa za kuchomea mtu," alisema. "Penseli ya ramani hunolewa ikawa bapa kama kucha."

Asubuhi ile yote nilinoa penseli. Mchana alinipa tepu ya kupimia akanituma nje nikapime choo cha ofisi. Nilipima ndani na nje, urefu, upana na unene wa kuta. Nikamletea mchoro nikijiona nimemaliza.

"Mlango unafungukia wapi?" aliuliza.

Sikukumbuka. Nikarudi chooni. Wakati huo ndani kulikuwa na mtu, na ilibidi nisimame nje na daftari mkononi, nikisalimiana na kila aliyepita.

Mzee Sakwa hakuwa na maneno mengi, lakini mambo mawili aliyarudia hadi wengine wakawa wanayasema pamoja naye, kama waumini kanisani. La kwanza: usichore usichokishika. Kama ni ukuta, uguse. Kama ni nguzo, izungushe mkono. La pili lilihusu mistari. Kitu ulichokiona unakichora kwa mstari mzima. Kitu ambacho hukukiona, ila unaamini kipo, unakichora kwa mstari uliokatika vipandevipande. Ile mikato midogo ni namna ya kumwambia atakayekuja baadaye: hapa mimi sikufika, wewe fika.

Miaka ile ofisi yetu ilikuwa inakusanya michoro ya majengo ya zamani: maghala, zahanati, nyumba za watu wenye ufundi fulani. Nilitumwa kila upande. Pale Lubao nilipima jukwaa la kupakilia ng'ombe, nikachagua kulipima siku ya soko, kosa ambalo sitaki mtu mwingine alirudie. Fahali mmoja aliikanyaga tepu, mwingine akala ukurasa wenye vipimo vya upande wa kusini. Nilipomweleza Mzee Sakwa hakucheka.

"Rudi ukapime," alisema. "Au umfuate fahali."

Nilirudi nikapima. Nataka mjue kwamba wakati huo nilikuwa mtu wa kurudi nikapima. Ndiyo maana lililofuata linaniuma.

Nyumba yenyewe iko nje kidogo ya Ekero, ukipita maduka na kuacha lami, miwa ikiwa pande zote mbili. Aliijenga Mzee Makokha, mfumaji wa nguo, ambaye alijifunza ufundi huo kwa wamisionari akiwa kijana na kurudi nao nyumbani. Nilipofika mara ya kwanza alikuwa ameshafariki, na mjane wake, Mama Rispa, ndiye aliyekuwa anafuma. Alitengeneza mashuka mazito, mablanketi ya watoto na vitambaa vya madhabahu, na watu walitoka hadi Mayoni kuvifuata.

Kwa macho ya haraka jengo lilikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na nyumba ya kuishi, ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, yenye sebule na chumba cha kulala. Ubavuni mwake, upande wa barabara, kulikuwa na karakana ya ufumaji, kuta zake za udongo, sakafu ya udongo iliyopakwa samadi. Zote zilikuwa chini ya paa moja la mabati.

Karakana ilinipendeza tangu nilipoinama kuingia. Madirisha yalikuwa marefu na ya chini, kimo cha kiwiko cha mtu aliyeketi, nayo yalielekea upande ambao jua haliingii moja kwa moja. Mwangaza ulikuwa sawa asubuhi na alasiri. Katikati kilisimama kitanda cha kufumia, fremu kubwa ya mbao iliyobeba nyuzi, na chini yake shimo ambamo mfumaji huteremsha miguu kukanyaga kanyagio. Kila anapopitisha uzi huuvuta ubao mzito kuusukuma uzi ukae mahali pake. Ubao ule ulipogonga, ulikuwa unausikia kifuani.

Kitanda hicho hakikuwa fanicha ya kuhamishika. Nguzo zake zilikuwa za mti wa lusiola, ambao mchwa hawauwezi, nazo zilikuwa zimechimbiwa ardhini. Niliziandika daftarini: nguzo kona ya kwanza, nguzo kona ya pili, nguzo kona ya tatu. Kwenye kona ya nne sikuona nguzo. Mhimili wa kitanda ulikuwa umeingia moja kwa moja kwenye ukuta unaotenganisha karakana na chumba cha kulala. Pale ulipoingilia, lipu ya udongo ilikuwa imevimba kidogo, kama shavu la mtu anayeumwa jino. Niliandika, "lipu mbovu."

Nilikuwa nimepima karakana na sebule, nikauelekea mlango wa chumba cha kulala, tepu ikining'inia mkononi. Mama Rispa, ambaye mpaka hapo alikuwa ananiangalia kutoka kitini pake cha kufumia, alisimama.

"Kijana, ngoja. Wewe ni wa kina nani?"

Nikamtajia kwetu na ukoo wetu.

"Na jina lako ndiye Andati?"

"Ndiye, mama."

"Andati huyu anayemposanga Consolata?"

Nilihisi masikio yanawaka. Consolata, ambaye sasa ni mke wangu, ni mtoto wa mdogo wake Mama Rispa. Wazee wa kwetu walikuwa wamekwenda kwao kwa mazungumzo wiki tatu tu kabla ya hapo. Nilijua ana mama mkubwa upande wa Ekero. Sikujua ndiye huyu.

"Basi hapa ndipo unapoishia, mkwe," alisema, akaufunga mlango wa chumba kwa upole, kama mtu anayefunika chungu.

Kwa wasiotoka huku nieleze. Mama mkubwa wa mchumba wako ni mama mkwe wako kamili, sawa na aliyemzaa. Mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama mkwe. Hata macho hayaingii. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima, na pande zote mbili huilinda. Mimi sikubishana na sikutaka kubishana. Nilitoka nje, nikapima ukuta wa chumba kutoka upande wa nje, nikatoa unene wa matofali, nikapata ukubwa wa ndani kwa hesabu. Ofisini nilikichora chumba kwa mstari wa vipandevipande, kama nilivyofundishwa. Mpaka hapo sikuwa na kosa.

Kosa lilikuja wakati wa wino. Zamani mchoro wa penseli ulinakiliwa kwa wino juu ya karatasi angavu, na ukikosea ulikwangua kwa wembe, taratibu, usije ukatoboa. Nilipofika kwenye kile chumba niliwaza: Mzee Sakwa ataiona mikato, ataniuliza kwa nini sikuingia, nami itabidi nieleze habari za uchumba wangu mbele ya ofisi nzima, na ofisi ile ilikuwa na watu waliongoja kitu kama hicho ili waishi nacho mwaka mzima. Nikachora mstari mzima.

Nikaandika na maelezo. Nilitoa sababu tatu, kwa mpangilio mzuri. Moja, mhimili wa kitanda umeingia ukutani, kwa hiyo ukuta ulikuwepo kabla ya kitanda. Mbili, karakana ni ya udongo na nyumba ni ya matofali. Tatu, sakafu ya karakana haikutiwa saruji. Nikahitimisha: "Karakana ni kiongezo cha baadaye."

Mzee Sakwa aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Kidole chake kilisimama pale kwenye kile chumba.

"Uliingia humu?"

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Akatia sahihi. Miezi michache baadaye alistaafu, akaniachia penseli yake.

Miaka ilikwenda. Kalamu za wino zikaingia kabatini, kompyuta zikaja. Michoro ya zamani ikapigwa picha yote ikahifadhiwa humo, na wangu ukiwa mmojawapo, safi, mistari imenyooka, sahihi ipo. Nilimwoa Consolata. Tulikwenda Ekero kila Krismasi. Mimi niliketi sebuleni, nikala ingokho yangu, kuku wa kienyeji, mlango wa chumba ukiwa umefungwa, na kila mwaka nilijiambia mchoro ule haumdhuru mtu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, barabara ya kuingia Ekero ilipangiwa kupanuliwa. Watu wa vipimo walipita wakachomeka vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Kimoja kilichomekwa ndani ya ua wa Mama Rispa, hatua tatu kutoka mlango wa karakana, usawa wa ukuta unaoitenganisha na nyumba. Maana yake karakana yote ilikuwa barabarani.

Mhandisi wa mradi, Injinia Muthama, alikuja ofisini kwetu. Alikuwa mtu mtaratibu, anayesema pole kabla ya kukupa habari mbaya. Alieleza kwamba jengo la zamani lililo katika daftari letu wanaweza kulikwepa, wakausogeza mstari upande wa pili, ambako kulikuwa na ukingo mpana wa nyasi wa umma unaoliwa na mbuzi. Lakini kilicholindwa ni jengo la asili. Kilichoongezwa baadaye kinaweza kuondolewa. Kisha akafungua karatasi mezani.

"Tunashukuru kazi yenu ilikuwa nzuri," alisema. "Hapa imeandikwa wazi. Kiongezo."

Niliisoma sahihi yangu pale chini. Ilikuwa sahihi ya kijana, yenye mkia mrefu.

Alikuwa anakwenda kukagua Ijumaa, kisha atoe mapendekezo yake. Ilikuwa Jumanne. Mama Rispa alikuwa amepita miaka themanini na bado alikuwa anateremka katika lile shimo kila asubuhi. Kitanda kile hakihamishiki. Karakana ikienda, ufumaji wake ulikuwa umekwisha, na nilijua ni mstari gani uliouua.

Bosi wangu wakati huo alikuwa Nasimiyu, msanifu majengo kutoka Bungoma. Alipoajiriwa ni mimi niliyemfundisha kunoa penseli, ingawa hakuwahi kuitumia. Nilikwenda ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamweleza yote: mlango uliofungwa, mikato, wino, na ile "ndiyo" niliyomwambia Mzee Sakwa. Pia nilimwambia kwamba mwenye nyumba ni mama mkwe wangu, ili asije akaambiwa na mwingine.

Alinitazama.

"Miaka thelathini na mitano, Mzee?"

"Na miezi."

"Si ungesema tu! Mimi ningeenda kuangalia hiyo bedirumu hata mwaka jana."

Kesho yake tulikwenda. Mama Rispa alitupokea barazani, akampa Nasimiyu mkono, na mimi akanisalimu akiangalia pembeni, kama inavyopasa. Nilimwomba radhi, nikamweleza kilichotuleta. Nilijaribu pia kusema kwamba siku hizi wapo wanaoiondoa hiyo miiko kwa zawadi na maombi, kama angependa.

Alimgeukia Nasimiyu. "Mwambie mkwe wangu nimemheshimu toka hajaota mvi. Siwezi kumvunjia leo kwa sababu ya lami. Wewe njoo, mwanangu. Wewe hatuna ukwe."

Wakaingia wawili, mlango ukafungwa. Mimi nilikwenda karakanani nikasimama upande wa pili wa ukuta. Ukuta huo haufiki kwenye mabati, kwa hiyo tulisikizana vizuri.

"Mzee Andati, uko?"

"Niko. Anza kona ya kushoto."

"Kona ya kushoto kuna sanduku. Juu ya sanduku kuna kuku."

"Anafanya nini?"

"Analalia mayai. Mama anasema tusimguse."

"Pima juu yake."

Nikasikia kuku akilalamika, halafu namba. Nikaziandika. Zilikuwa karibu sana na zile nilizopata kwa hesabu ujanani, na kwa dakika moja nilijisifu.

"Sasa ukuta huu wa kati," nikasema. "Nitagonga niliko, na wewe sogea penye sauti."

Nikagonga kwenye lile shavu lililovimba.

"Hapo kuna koti ya kanisa imetundikwa," alisema Nasimiyu.

"Imetundikwa kwenye nini?"

"Mama, naomba niitoe?" Kisha sauti ya Mama Rispa, "Acha nitatoa mwenyewe." Kisha nikasikia kitambaa kikisugua ukuta.

"Mzee," alisema Nasimiyu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuna nguzo hapa. Mti mzima. Nusu iko ndani ya ukuta, nusu imetokeza huku. Juu ina panda, na ile boriti kubwa ya paa la nyumba imelala kwenye panda."

"Matofali yamekaaje kando yake?"

"Yamekatwa. Yote, toka chini mpaka juu. Yamekatwa kufuata mti."

Niliegemea ukuta. Mtu hakati matofali kufuata kitu ambacho hakipo. Mti ulitangulia. Kitanda kilitangulia. Nyumba ndiyo iliyojengwa baadaye, na ikajibebesha kwenye nguzo ya kitanda. Nyumba ndiyo iliyokuwa kiongezo.

"Mwambie mkwe," ilikuja sauti ya Mama Rispa, ya juu, kana kwamba mimi nilikuwa Mumias, "hiyo ndiyo mguu wa nne. Kitanda kitasimamaje na miguu mitatu? Yeye si mtu wa vipimo?"

Nasimiyu hakuwa na haja ya kunifikishia. Nilimsikia akijizuia kucheka.

Ndipo Mama Rispa akasimulia, akimwambia Nasimiyu, nami nikiandika upande wangu. Makokha alikichimbia kitanda akiwa kapera, akakijengea kuta za udongo na paa la nyasi, na mwenyewe akawa analalanga pembeni, chini, kwenye mabunda ya uzi. Alipokwenda kuposa, baba yake Rispa alisema binti yake hatalala penye uzi, atafutiwe nyumba. Makokha akafyatua matofali kutoka udongo wa kichuguu, akayachoma mwenyewe. Lakini wakati huo juu ya kitanda kulikuwa na shuka ya harusi, nusu imefumwa. Kuing'oa nguzo hata moja kungelegeza nyuzi zote, na kitambaa kilicholegea hakirudi sawa. Kwa hiyo aliiacha nguzo mahali pake, akajenga ukuta kuizunguka, na boriti ya nyumba akailaza juu yake.

"Na sakafu, mama?" niliuliza kupitia kwa Nasimiyu. "Kwa nini huku hakutia saruji?"

"Muulize amewahi kufuma uzi wa pamba mwezi wa kwanza. Hewa ikikauka, uzi unakatika. Udongo unamwagiwa maji, unapumua. Saruji inapumua?"

Kwa hiyo na sababu yangu ya tatu ikaanguka.

"Mama," nikasema, na nadhani nilisahau kupitia kwa mtu, "mbona hukuniambia siku ile?"

Nilimsikia akilitundika tena lile koti la kanisa.

"Mwambie hakuuliza," alisema hatimaye. "Alisimama mlangoni, akaandika."

Ijumaa Injinia Muthama alikuja. Tulimwonyesha vipimo, picha za nguzo na za matofali yaliyokatwa, pamoja na barua niliyoiandika kwa mkono wangu nikieleza kwamba mchoro wa kwanza ulikuwa na kosa na kwamba kosa lilikuwa langu. Aliisoma barua mara mbili. Hakuniuliza chochote kuhusu hilo, na mpaka leo namshukuru.

Lakini alikuwa mhandisi, na ilikuwa haki yake kushuku. "Picha nimeziona. Ila inawezekana nguzo ni ya nyumba tu, haina uhusiano na kitanda. Ningependa kuiona."

"Mwanaume mgeni haingii chumbani kwangu," alisema Mama Rispa. "Huyu ni mkwe na hajaingia. Wewe nani?"

Injinia akasema pole. Tukasimama. Nasimiyu akamwonyesha picha kwa mara nyingine, akatikisa kichwa.

Mama Rispa ndiye aliyepata njia. Aliingia karakanani, akakaa, akateremsha miguu shimoni. "Mwambie huyo wa barabara aweke mkono hapo penye uvimbe. Mkono wote, si vidole."

Injinia akaweka kiganja kwenye ukuta. Mama Rispa akapitisha uzi, akauvuta ubao. Ukagonga. Akapitisha tena, ukagonga.

Injinia aligeuza uso. "Ukuta unaruka."

"Sogeza mkono hatua moja," nikasema.

Akausogeza. Ubao ukagonga. "Hapa hakuna kitu." Akaurudisha. "Hapa unaruka."

Kisha akatoka, akaingia sebuleni, akatazama juu. Kila ubao ulipogonga, vumbi jembamba lilidondoka kutoka kwenye boriti. Alisimama pale muda mrefu, na vumbi likamkalia kofiani.

"Kwa hiyo nikiikata karakana," alisema, zaidi kwa nafsi yake, "nyumba inalala."

"Inalala na mimi ndani," alijibu Mama Rispa kutoka kule, bila kusimamisha mikono.

Hakutuahidi kitu siku ile. Alipima ule ukingo wa nyasi, akaandika, akaondoka. Tulisubiri barua wiki mbili, wiki ambazo nilikuwa nasafisha kabati langu na sikumbuki nilichotupa. Ilipokuja ilikuwa na mistari minne. Mstari wa barabara umesogezwa. Jengo lote, nyumba na karakana, libaki. Nasimiyu aliisoma kwa sauti katikati ya ofisi, nami nikaketi kwenye kiti kisichokuwa changu.

Siku yangu ya mwisho kazini tulitengeneza mchoro mpya. Nasimiyu aliutoa kwenye kompyuta na mimi nikautia sahihi, fupi, bila mkia. Chini ya chumba cha kulala nilimwomba aandike nani aliyekiona na nani ambaye hakukiona. Alisema hakuna anayeandika hivyo siku hizi. Nikamwambia aandike.

Kwenu mnaobaki nina jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya nizidishe ukurasa ule mmoja. Kwa miaka yote nilijitetea moyoni kwamba desturi ndiyo iliyonizuia. Mnaona sasa haikuwa desturi. Siku ile ya kwanza nilikuwa ndani ya karakana, mahali nilipoalikwa, kitanda kikifanya kazi, na lile shavu la ukuta lilikuwa mbele yangu. Nililitazama nikaliandika lipu mbovu. Kama ningeweka kiganja, kama nilivyofundishwa, nguzo ingejitaja yenyewe, na hakuna mlango ambao ungehitaji kufunguliwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Ekero na Consolata. Lami imepita upande wa pili, na mbuzi wamehamia kwingine. Wafanyakazi waliacha vigingi vyekundu vimelala uani, na Mama Rispa amevichomeka upya kwa safu, anavitumia kupangia uzi kabla haujapanda kitandani. Alikuwa shimoni, anafuma. Consolata aliketi karibu naye akimsimulia habari za nyumbani. Mimi nilisimama kando ya ukuta, nikaweka mkono wangu pale, mkono wote, nikausikia mgongo wa ile nguzo ambayo sijaiona na sitaiona. Ubao ukagonga, nikangoja, ukagonga tena. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani.

"Consolata," alisema Mama Rispa, bila kuinua macho, "mwambie mkwe aje anywe chai. Nguzo haiendi popote."